Karatasi ya Bibi Tai

Bibi Tai alikuwa na kiti chake katika mkahawa wa Fung Nin, ghorofa ya pili, meza ya dirishani, na wanywa chai wote wa Aberdeen, bandari ya wavuvi wa Kichina, walikijua. Kwa miaka kumi na minane alikikalia kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Hata msimamizi mpya wa ukumbi alipoajiriwa, jambo la kwanza aliloambiwa na wenzake, kabla hajaonyeshwa jiko liko wapi, ni kwamba pale hakai mtu mwingine.

Jina lake kamili ni Shek Kam-tai. Alizaliwa majini, ndani ya mashua ya baba yake, enzi ambazo watu wa mashua walizomewa wakikanyaga nchi kavu. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto tisa. Alipofikisha miaka minane, shule ya watoto wa majini ilikuwa imefunguliwa pale gatini, na mwalimu mmoja akamwona anachungulia mlangoni, akamwita aingie. Mama yake akajibu kwa niaba yake, kutoka mashuani, kwa sauti iliyosikika gati zima:

"Huyu akisoma, huyo mgongoni mwake utambeba wewe?"

Mgongoni alikuwa amefungwa mdogo wake wa tatu. Mwalimu akafunga mlango, na habari ya shule ikaishia hapo.

Akaja kuuza samaki sokoni miaka arobaini na mmoja. Tarakimu alizijua, na hesabu aliipiga kichwani huku mkono mmoja unapara magamba. Lakini herufi hazikumwingia, kwa kuwa hakuna aliyemwingizia. Na herufi za Kichina si thelathini wala arobaini ukasema utazimaliza kwa mwezi, ni maelfu, kila moja na sura yake kama watu wa mjini. Mume wake alifariki mapema. Mwanawe wa pekee, Chi-keung, ndiye aliyemsomea barua tangu akiwa na miaka saba, amesimama juu ya kreti la samaki. Kijana akakua, akawa fundi umeme, akaoa, akahamia mbali upande wa bara. Mama akabaki na chumba chake katika majengo ya serikali, na barua akawa anampigia picha kwa simu.

Zaidi ya mwanawe hakuna aliyejua. Bibi Tai alikuwa na mbinu zake. Benki alikuwa na kidole kilichofungwa plasta, "siwezi kushika kalamu, mwanangu, nijazie." Basi alilipanda kwa rangi na namba. Na ndiyo sababu aliupenda mkahawa wa Fung Nin kuliko mahali popote duniani: pale hakuna aliyemwomba asome. Dada Ngan alipita na toroli lake linafuka mvuke, anapaza sauti, "Kamba! Vifurushi vya kamba, moto-moto! Miguu ya kuku! Wali wa jani!" Wewe unanyoosha kidole tu. Kikapu cha mianzi kinatua mezani, kadi inagongwa muhuri, unakula.

Sasa, Jumatatu moja baada ya sikukuu ya mwezi mpevu wa vuli, Bibi Tai akapanda ngazi na kukuta ukumbi kimya. Matoroli hayapo. Dada Ngan amestaafu. Biu, msimamizi wa ukumbi, akamwekea mezani birika la chai nyeusi kama kawaida, na kando yake karatasi ndefu ya wino wa kijani na kipenseli kifupi kama kidole cha mtoto.

"Bibi, kuanzia leo tunatia alama kwenye visanduku," Biu akasema. "Tajiri kasema matoroli yanakula nafasi. Unatia tiki, nachukua, jikoni wanapika hapo hapo. Vinakuja vya moto zaidi."

Bibi Tai akaitazama karatasi. Mistari sitini na miwili. Ilikuwa kama kuangalia mchwa.

"Aa," akasema, "leo macho yangu yana ukungu. Miwani nimeiacha nyumbani."

"Miwani iko kichwani mwako, Bi Samaki," akasema mtu wa kiti cha mbele.

Huyo ni Mzee Luk. Alikuwa dereva wa tramu miaka thelathini na mitatu, na tangu astaafu alikuja kila asubuhi na gazeti chini ya kwapa, akiwasomea wenzake mezani habari za mbio za farasi, watake wasitake. Mtu wa tatu wa meza hiyo alikuwa Bi Yiu, fundi cherehani, mjane, ambaye masikio yake yalikuwa mazito kwa mambo asiyoyataka na mepesi kwa mengine.

Bibi Tai akaigusa miwani kichwani mwake. "Hii ni ya mbali," akasema. "Biu, leo nitakunywa chai tu. Tumbo limejaa."

Akanywa chai tu siku hiyo. Na ya pili. Siku ya tatu tumbo likanguruma hadi Bi Yiu akalisikia, na Bi Yiu, kama nilivyosema, ni mzito wa masikio.

"Mwenzangu, unaumwa?" Bi Yiu akauliza.

"Nimefunga."

"Umefunga nini? Wewe si mtawa."

"Basi, daktari kaniambia nisile."

Siku ya nne hakwenda. Alikaa chumbani na kipande cha mkate mkavu, akitazama ukuta, na hasira ikampanda taratibu kama maji ya bamvua. Alijiambia: nimeuza samaki miaka arobaini na mmoja. Nimeshindana na madalali waliokula shule nzima, nikawashinda. Leo karatasi inanifukuza kwenye kiti changu? Karatasi?

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu alikuwa kitini. Akaosha kikombe na vijiti kwa chai ya kwanza, akamimina ile chai bakulini, akaivuta karatasi. Akakamata penseli kama kinavyoshikwa kisu cha kupasulia, na katika mstari wa kwanza kabisa, juu kulia, akatia tiki. Hakujua ameagiza nini. Inaweza kuwa uji, inaweza kuwa ulimi wa bata. Biu akaichukua, akaenda jikoni.

Biu akarudi na kikapu, akakiweka, na akakitaja jina kama ilivyo desturi ya wahudumu: "Vifurushi vya kamba!"

Bibi Tai akainua kifuniko. Vilikuwa vinne, vyeupe, ngozi nyembamba hadi uwekundu wa kamba unaonekana kwa ndani. Akaitazama karatasi ya pili, aliyoichukua meza ya jirani na kuificha mapajani, mstari wa kwanza juu kulia. Basi hizi ndizo. Hivi ndivyo kamba anavyoandikwa.

Hapo ndipo ilipoanza. Kila siku mstari mmoja, kwa mpangilio, kama anayekagua makreti ya samaki gatini. Hakuchagua wala hakuruka. Anatia tiki, anasubiri, Biu analeta na kutaja jina, Bibi Tai anakula kilichokuja, na karatasi ya akiba inarudi naye nyumbani imekunjwa kifuani.

Haikuwa rahisi kwa tumbo lake. Mstari wa tano ulileta uji, sawa. Mstari wa kumi na moja ulileta pai tamu za mayai saa moja asubuhi. Mstari wa kumi na mbili ulileta sinia la wali wa kukaanga la watu wanne, na Biu akashangaa.

"Bibi, unatarajia wageni?"

"Nina njaa," akasema Bibi Tai, na akala hadi jasho likamtoka, kisha akawagawia Bi Yiu na meza ya jirani.

Mzee Luk akaanza kumchunguza. "Bi Samaki, juzi pai, jana wali wa harusi, leo utumbo. Unaagiza au unacheza bahati nasibu?"

"Wewe unacheza farasi kila Jumatano na hujawahi kuniletea hata mkia wake. Niache nile."

Nyumbani jioni aliitandaza karatasi juu ya meza, akazima televisheni. Akafunika mistari yote kwa kibao cha kukatia mboga, akaacha mmoja tu. Akautazama, akautamka. Akausogeza kibao. Alizichora herufi nyuma ya kalenda za zamani, kubwa-kubwa, zimepinda kama mabanda baada ya kimbunga, na alipokosea alijitukana matusi ya sokoni ambayo majirani hawakuwa wameyasikia tangu soko la zamani lilipobomolewa.

Kidogo kidogo sura zikaanza kujitenga. Akaona kwamba herufi ya kamba ina mdudu ubavuni, upande wa kushoto. Akaona samaki ana nukta nne chini, kama mapezi, na akacheka peke yake, kwani samaki alimshika maishani mwake mara ngapi, na leo ndiyo wanatambulishwa. Ng'ombe alikuwa rahisi, mistari minne basi. Andazi la mvuke lilikuwa kama mtoto aliyejikunja tumboni mwa mama yake. Bata alimsumbua wiki mbili: naye ana nukta nne chini, na mara tatu Bibi Tai alimwita samaki, hadi alipong'amua kwamba bata ana ngao kushoto.

Na usiku wa mchele hatausahau. Alikuwa ameshafika mstari wa thelathini na tisa. Akaona kitu kama nyota, msalaba wenye miale. Nyota ile ile ilikuwa kwenye uji, imebanwa katikati. Ilikuwa ubavuni mwa mikunjo ya unga laini. Ilikuwa ubavuni mwa mkate wa figili, ubavuni mwa wali wa kunata. Bibi Tai akasimama. Akaketi. Akasimama tena.

"Mchele!" akasema kwa sauti. "Yote haya yametoka kwenye mchele, na mchele umo ndani yake!"

Kumbe hazikuwa mchwa. Zilikuwa koo na jamaa. Hii mtoto wa yule, yule shemeji wa huyu. Na mambo ya koo Bibi Tai aliyajua. Aliweza kukutajia Aberdeen nzima nani kazaliwa na nani, mashua kwa mashua.

Siku chache baadaye alirudia mstari wa utumbo, ule utumbo wa ng'ombe wenye vijumba kama sega la asali. Biu akaweka kikapu na kutaja jina lake la mezani, "Tumbo la sarafu za dhahabu!" Bibi Tai alikuwa amelisikia jina hilo maisha yake yote. Lakini asubuhi ile aliitazama herufi ya kwanza, ya dhahabu, *kam*, na kijiti kikamtulia mkononi.

Kam. Kam-tai.

Hakumaliza kula. Alifika nyumbani anahema, akatoa kitambulisho chake kwenye kopo la biskuti, akakiweka kando ya karatasi. Pale kwenye jina lake, katikati, ilikuwepo. Paa la nyumba na nukta mbili kifuani. Ile ile. Akaitafuta na ya kwanza, Shek, yaani jiwe, ukoo wa baba yake. Akaipata kwenye mstari wa chewa, ambaye kila muuza samaki anajua kwamba huitwa samaki wa jiwe. Ya tatu haikuwa kwenye karatasi, lakini iliyobaki ikiwa moja, si lazima iwe hiyo? Bibi Tai akaweka kidole juu yake na kusema, "Tai." Halafu akazisoma zote tatu kwa pamoja, mara moja, mara ya pili, mara ya kumi. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alipiga simu kwa mwanawe.

"Chi-keung! Jina langu limo kwenye utumbo!"

"Mama? Umekunywa?"

"Kwenye utumbo na kwenye chewa! Nimelisoma mwenyewe!"

Bibi Tai akaibana simu sikioni. Kisha akasikia mwanawe anavuta pumzi kwa pua, kama alivyokuwa akifanya zamani juu ya lile kreti, barua ikiwa na habari nzito. "Lisome tena, Mama," akasema. "Taratibu. Nakusikiliza."

Majira ya baridi yakapita, mwaka mpya ukapita na kelele zake. Bibi Tai alikuwa amemaliza karatasi mara mbili, na sasa aliagiza alichokitaka, lakini hakumwambia mtu. Mambo yangeendelea hivyo kama isingekuwa mdomo wa Mzee Luk.

Ilikuwa Alhamisi, ukumbi umefurika. Farasi wa Mzee Luk alikuwa ametoka wa mwisho usiku wa kuamkia siku hiyo, na mtu wa namna hiyo hutafuta wa kumuumiza. Akamtazama Bibi Tai anatia tiki zake mbili upesi-upesi.

"Nimekuchunguza miezi," akasema, na sauti yake ya dereva wa tramu ilisikika meza sita. "Nimekugundua, Bi Samaki. Wewe husomi. Unadonoa kama kuku. Hujui hata moja humo ndani!"

Vijiti vikasimama. Mtu mmoja akakohoa. Bi Yiu akaweka kikombe chini na kusema, "Luk, hayo ni maneno gani ya kusema mbele ya chakula?"

"Ni kweli au si kweli? Aseme mwenyewe!"

Bibi Tai aliona uso unamwaka moto. Aibu ya miaka sitini ilisimama kooni kama mwiba wa samaki. Halafu, pasipo yeye kutarajia, ikashuka. Ilishuka tu, kama mwiba unavyoshuka kwa tonge la wali, na chini yake palikuwa na kitu kingine, kigumu na kitulivu.

"Zamani ilikuwa kweli," akasema. "Nilikuwa sijui. Leo nijaribu."

"Nikujaribu vipi?"

"Onyesha mstari wowote, nitakusomea. Karatasi nzima. Nikikosa mmoja, kiti hiki ni chako, dirisha na upepo wake. Nisipokosa, mwezi mzima, kila asubuhi, wewe ndiye utakayeniosha kikombe na vijiti."

Meza ya jirani ikapiga makofi. "Kubali, Dereva! Au breki zimekufa?"

Mzee Luk alikuwa anakitamani kile kiti tangu miaka kumi. Macho yakamcheza. "Nakubali. Lakini si ile karatasi ya kijani. Ile umeikariri kama sala, mahali kwa mahali. Biu! Ile mpya iko wapi?"

Na kweli, asubuhi ile ile zilikuwa zimefika karatasi mpya za msimu, za wino mwekundu, na pakiti ilikuwa bado haijafunguliwa. Biu akafungua, akaleta moja, uso umemlegea. "Bibi, si lazima," akamnong'oneza. "Mzee huyu anatania."

"Sitanii!" akasema Mzee Luk. "Na wewe ndiye mwamuzi. Simama nyuma yake, useme ndiyo au siyo. Mimi nitakuwa namtazama usoni, asinidanganye."

Bibi Tai akaishusha miwani kutoka kichwani. Karatasi mpya ilikuwa imevurugwa yote. Kamba hawakuwa juu kulia. Uji haukuwa mahali pake. Kwa pumzi mbili hivi aliona mchwa tena, wekundu safari hii. Kisha akamwona mdudu ubavuni mwa kamba, kule chini kushoto. Akaiona nyota ya mchele. Akamwona ng'ombe. Walikuwa wale wale, wamehama nyumba tu.

"Anza," akasema.

Mzee Luk akaweka ncha ya kijiti. "Huu."

"Vifurushi vya kamba."

"Ndiyo," akasema Biu.

"Huu."

"Kababu za ng'ombe za mvuke."

"Ndiyo."

"Huu. Na huu. Na huu."

"Mkate wa figili. Mikunjo ya unga ya chewa. Miguu ya kuku, na imeandikwa kwa madaha kana kwamba kuku alikuwa malkia."

Watu wakacheka. Wa meza za mbali wakaanza kusimama. Mpishi mmoja akatoka jikoni na unga hadi viwikoni. Kila Bibi Tai alipotaja, Biu alisema ndiyo, na kila ndiyo ukumbi uliipokea kwa "eeeh!" kama watu wanaovuta nyavu. Ishirini. Thelathini. Mzee Luk akaanza kurukaruka, juu, chini, katikati, akidhani atamchanganya. Bibi Tai alimfuata kama paka.

Kwenye mstari wa arobaini na kitu akakwama.

Ilikuwa herufi ya pembe nne yenye miguu miwili ndani, na nyuma yake nyota ya mchele. Mchele, ndiyo, lakini mchele gani? Haikuwa uji, haikuwa wali. Biu akashika mgongo wa kiti chake.

Mzee Luk akakunja gazeti lake taratibu, akaliweka kwapani, akashika birika lake. "Sogeza mkoba wako, Bi Samaki. Nakuja dirishani."

"Kaa hapo ulipo," akasema Bi Yiu, ambaye alikuwa amesikia kila kitu.

Bibi Tai akafumba macho. Aliutafuta mdomoni, si karatasini. Kitu alichokula mara mbili tu, na mara zote mbili akakichukia. Kitamu, cha baridi, punje zinazoteleza kama mayai ya samaki. Na ile ya kwanza ameiona wapi? Kwenye basi. Basi la kwenda upande wa machweo, analolipanda kwenda kliniki.

"Magharibi," akasema. "Mchele wa magharibi. Ile punje-punje ya utamu, sago. Kila mtu anaisifu na mimi ilinitia kichefuchefu."

"Ndiyo!" Biu akapiga ukelele, na akasahau yeye ni mwamuzi, akaruka.

Mzee Luk akaketi. Jasho lilimtoka kwenye nywele. Ikabaki mistari michache, ikaanguka mmoja mmoja, hadi akafika kwenye kona ya chini kabisa, mstari wa mwisho, wa maandishi madogo. Akaugonga kwa kijiti bila hata kuutazama.

"Na huu?"

Bibi Tai akainama. Huu hakuwahi kuuona. Haukuwa kwenye karatasi ya kijani, na kitu hicho hakuwahi kukila wala kusikia kimetajwa. Hapakuwa na kumbukumbu ya kumsaidia. Zilikuwepo herufi tatu tu. Ya kwanza ilikuwa na majani kichwani: aliijua kutoka kwenye mkate wa magimbi. Ya pili ilikuwa na nukta nne chini. Samaki? Akatazama kushoto. Ngao. Ya tatu ilikuwa mtoto amejikunja.

Akazisoma kwa sauti, moja moja, kama mtu anayekanyaga mawe kuvuka maji.

"Magimbi. Bata. Andazi. Maandazi ya magimbi na bata."

Mzee Luk akacheka hadi meza ikatikisika. "Ha! Maandazi ya magimbi na bata! Nimekunywa chai Aberdeen miaka sitini, hakuna kitu kama hicho duniani! Kakosa! Mmesikia wote, kakosa! Biu, mwambie!"

Biu alikuwa ameinama juu ya bega la Bibi Tai, anautazama mstari ule, na midomo yake inatembea. Kisha akageuka nyuma kumtazama mpishi. Mpishi akawa anacheka hadi unga unamdondoka.

"Nimeyaanza leo alfajiri," mpishi akasema. "Kikapu cha kwanza bado kiko kwenye mvuke."

"Mzee Luk," akasema Biu kwa heshima zote, "tafadhali vaa miwani yako."

Sijui kama ukumbi ule umewahi kupata kelele ya namna ile, hata siku za harusi. Watu walipiga vifuniko vya birika. Bi Yiu alisimama na kumshika Bibi Tai mashavuni kwa mikono miwili. Mzee Luk alivaa miwani, akasoma, akavua, akaifuta kwa shati, akavaa tena. Mstari ule haukubadilika.

Ana mdomo, Mzee Luk, lakini si mtu mdogo. Alisimama mbele ya watu wote na kuegemeza mikono mezani. "Miaka thelathini na mitatu," akasema, "nimesoma majina ya vituo ambayo wengine waliniandikia. Huyu amesoma kitu ambacho mimi nilisema hakipo." Akavuta kikombe cha Bibi Tai na vijiti vyake, akamimina chai ya moto, akaviosha vizuri, ndani na nje, akavipangusa, akavirudisha kwa mikono miwili. Bibi Tai akagonga meza kwa vidole viwili, kumshukuru.

"Kingo hukuzisugua," akasema.

"Kesho, Bi Samaki. Nina mwezi mzima."

Mpishi akakileta kikapu mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na maandazi matatu, rangi ya zambarau hafifu. Mezani walikuwa watatu, wakagawana. Magimbi yalikuwa laini, bata ana mafuta na moshi, chumvi imepungua kidogo, na Bibi Tai akamwambia mpishi hivyo, naye akaitikia, "Sawa, Bibi." Kila meza ikatia tiki mstari wa mwisho. Kabla ya saa tatu maandazi ya magimbi na bata yalikuwa yamekwisha jikoni.

Alishuka ngazi akiwa na karatasi nyekundu kifuani. Barabara ya kwenda kwake alikuwa ameipita maelfu ya siku, na leo aliiendea polepole, kichwa juu, akigongana na watu. Mabango mengi bado yalikuwa wageni kwake, akawapita bila salamu. Lakini kila baada ya hatua chache alikutana na sura anayoijua. Ng'ombe, juu ya bucha. Mchele, kwenye gunia la dukani. Dhahabu, kubwa, ya mng'aro, juu ya duka la sonara, na hapo alisimama akalisoma bango kwa sauti hadi mwenye duka akatoka kumuuliza anatafuta nini.

"Sitafuti kitu," akasema Bibi Tai. "Nasoma."

Akaendelea. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka Fung Nin hadi kwake. Siku ile ulimchukua saa moja na nusu.